Paa Si Gari

Gari la porini linapopinduka, kinachoumia kwanza ni paa. Nguzo za madirisha hukunjika, kioo cha mbele hupasuka, milango hukwama ndani ya fremu zake, madigadi na boneti hubonyea kwa uzito wa gari lenyewe, na keria iliyokuwa juu hujisokota kama waya. Anayelitazama likiwa limevutwa hadi kando ya barabara huona kitu kilichosagika, na hukumu hutoka papo hapo: limekwisha, liuzwe kwa kilo. Hukumu hiyo imeenea toka vijiwe vya madereva hadi ofisi za bima, ikageuka kanuni isiyohojiwa. Gari lililopinduka, inasemwa, halitengenezeki tena, na fundi anayeligeuza kuwa pikapu anaunda jeneza lenye magurudumu. Kwa aina moja kubwa ya magari kanuni hiyo si kweli. Kosa lake ni kulihukumu gari kwa sehemu ambayo haikubeba chochote ila mvua na jua.

Magari hayo yamejengwa kwa tabaka mbili. Tabaka la chini ni chasisi: boriti mbili ndefu za chuma zinazotoka bampa ya mbele hadi ya nyuma, zikaunganishwa kwa vyuma vya kukingama mithili ya ngazi iliyolazwa. Injini, giaboksi, difu, springi, tangi la mafuta na boksi la usukani vyote vimefungwa kwenye ngazi hiyo. Tabaka la juu ni bodi, nalo limekalishwa tu, kwa bolti chache zinazopita katika raba nene. Bolti hizo zikifunguliwa, nyaya na mipira ikachomolewa, shafti ya usukani ikaachanishwa, bodi zima hunyanyuliwa kwa winchi kama kifuniko cha sufuria. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kuuzwa mwaka 1984, zimejengwa hivyo. Land Rover za ukoo ule uliozaliwa 1948, ukaja kuitwa Defender mwaka 1990 na kuacha kuundwa Januari 2016, zimejengwa hivyo. Nissan Patrol zile ngumu zilizozoeleka katika misafara ya misaada nazo ni hivyo hivyo, pamoja na Suzuki ndogo za milimani.

Sasa nguvu ya ajali inapita wapi? Gari likiacha njia kwenye changarawe, magurudumu ya upande mmoja yakazama katika ukingo laini, huegemea na kulala, kisha huendelea kubingirika. Ardhi hupiga ukingo wa paa. Paa hubonyea, nguzo hujikunja, na kila kinachokunjika hula sehemu ya nguvu ile. Kinachobaki hushuka hadi sakafu ya bodi, hupita kwenye raba, ndipo kiifikie chasisi. Katika kubingirika kwa kawaida chasisi hupokea masalio, na mara nyingi boriti zake hazigusani na ardhi kabisa. Linganisha na gari lililogonga mti uso kwa uso. Huko ncha za boriti ndizo zinazopigwa, bila kitu cha kupunguza pigo isipokuwa bampa. Lakini gari la namna hiyo hunyooshwa, hupakwa rangi na kuuzwa bila mtu kuinua sauti, kwa kuwa paa lake liko sawa na macho ya mnunuzi yameridhika. Woga umeelekezwa kwenye ajali inayotisha kutazama, na umeiacha ile inayovunja mifupa.

Hapa ndipo pikapu inapoingia, na wapinzani wake hawajaisikiliza hoja yake. Gari la abiria, lile refu lenye viti vya nyuma, linahitaji paa la urefu wa mita kadhaa, madirisha ya pembeni, milango ya nyuma na nguzo zote za kuvishikilia. Hivyo ndivyo vitu ambavyo kupinduka huviharibu. Pikapu inahitaji kabini fupi inayoishia nyuma ya mgongo wa dereva, na nyuma yake jukwaa la mizigo. Kwa maneno mengine, ajali imeshaondoa sehemu ambayo pikapu ingeiondoa kwa grainda. Kurudisha paa refu katika umbo lake la zamani ni kazi ghali, ya miezi, na matokeo yake ni dhaifu. Kulikata na kujenga kabini mpya nyuma ya milango ya mbele ni kazi inayoanza na chuma kilicho salama. Mabadiliko haya si njia ya mkato ya maskini aliyeshindwa gharama za matengenezo ya kweli. Kwa gari la chasisi lililopinduka, ndiyo matengenezo ya kweli.

Wanaosema kwamba kubadilisha bodi ni kuliharibia gari asili yake wameisahau asili yenyewe. Land Rover ya kwanza kabisa ilianza kama gari lililoundwa upya. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akitumia Jeep ya jeshi shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey, na mwaka 1947 gari la majaribio lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep. Lilipooneshwa rasmi Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, gari lililokamilika lilikuwa na bodi la aloi ya alumini, kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita na alumini ilipatikana. Mabamba yake mengi yalikuwa bapa, ya kufungwa kwa bolti, yanayokunjika kwa zana za kawaida. Kiwanda kiliuza chasisi ile ile ikiwa na turubai, ikiwa na paa gumu, ikiwa gari la abiria, na ikiwa na kabini fupi ya pikapu. Land Rover 110 ya abiria iliyopinduka, ikivishwa kabini fupi, hurudi kwenye umbo mojawapo ambalo kiwanda kilikuwa kikiliuza siku zote. Kiambaza cha injini ni kile kile, milango ya mbele ni ile ile, na paa la kabini hufungwa kwa bolti juu ya fremu ya kioo cha mbele.

Land Cruiser si rahisi kiasi hicho, kwa kuwa bodi lake ni la chuma kilichochomelewa. Hata hivyo hadithi ni moja. Tangu 1999 kiwanda kimetoa 78, ile ndefu ya abiria na mizigo, na 79, ambayo ni pikapu. Zote mbili zina uso mmoja, milango ya mbele ya aina moja, na katika nchi nyingi injini moja, ile 1HZ ya dizeli yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2. Umbali kati ya ekseli za 78 ni milimita 2980, wa 79 ni milimita 3180. Tofauti hiyo ya sentimita 20 ina maana kwa urefu wa jukwaa la mizigo, na fundi anayejua kazi hulikata jukwaa kulingana na chasisi iliyopo badala ya kuikata chasisi ili ilingane na jukwaa.

Afrika Mashariki ingepaswa kuwa mahali pa mwisho kuuamini uvumi huu. Matatu za abiria 33 zinazojaa Nairobi ni chasisi za lori la Isuzu zilizovishwa bodi katika karakana za Kenya. Mabasi mengi ya safari ndefu yamejengwa vivyo hivyo: kiwanda cha ng'ambo kimeleta chasisi na injini, na mafundi wa hapa wamejenga kila kitu ambacho abiria hukigusa. Magari ya watalii ya Arusha na Nairobi yamekwenda mbali zaidi. Paa hukatwa ili linyanyuke, na katika mengi chasisi yenyewe hukatwa katikati na kurefushwa ili kuongeza safu ya viti. Mgeni hulipa fedha nyingi kukaa ndani yake, na hakuna anayeliita jeneza. Fundi yule yule, kwa zana zile zile, akiikuta chasisi nzima iliyopinduka na kuijengea kabini bila kuigusa boriti hata moja, huitwa mhuni. Tofauti pekee ni kwamba gari la watalii halikuwahi kuonekana likiwa na miguu juu.

Hoja inayotajwa kwa sauti ya mamlaka ni ya bima. Kampuni ikishasema ni hasara kamili, watu huona sayansi imesema. Haikusema sayansi. Hasara kamili ni hesabu: gharama ya kulirudisha gari katika hali yake ya awali, kwa vipuri vipya na viwango vya ufundi vya gereji iliyokubaliwa, imekaribia au kuzidi thamani yake sokoni. Land Cruiser ya miaka 20 huvuka mstari huo kwa paa na vioo peke yake, hata kama chasisi haina mkwaruzo. Uingereza, ambako biashara hii imepangwa kwa makini, magari yaliyofutwa na bima hugawanywa kwa makundi, na tangu Oktoba 2017 kuna kundi maalumu la yale yaliyoumia kwenye mhimili wake lakini yanaweza kutengenezwa na kurudi barabarani, tofauti na yale ambayo lazima yasagwe. Na kwa miaka mingi idara ya usajili ya nchi hiyo iliamua kama gari lililojengwa upya limebaki kuwa gari lile lile kwa kuhesabu pointi: chasisi 5, mfumo wa springi 2, ekseli 2, giaboksi na mitambo yake 2, usukani 2, injini 1. Zilihitajika 8. Kwa gari lenye chasisi ya kujitegemea, bodi halikupewa hata pointi moja. Waliotunga hesabu ile walijua gari linaishi wapi.

Inafuata pingamizi lenye uzito zaidi: huenda chasisi imepinda bila kuonekana. Huenda ndiyo, na kwa sababu hiyo hupimwa. Upimaji wenyewe hauhitaji mashine ya kiwanda. Gari hukalishwa juu ya stendi nne kwenye sakafu iliyosawazishwa kwa pimamaji, bodi likiwa limeshaondolewa. Timazi huning'inizwa kutoka kwenye matundu ya chasisi yaliyo jozi, kulia na kushoto, ambayo kiwanda kiliyatoboa kwa ulinganifu. Kila ncha ya timazi inapogusa sakafu, alama ya chaki huwekwa. Kisha gari husogezwa, na kilichobaki sakafuni ni ramani ya chasisi kwa nukta. Tepu hupita kwa mshazari, toka nukta ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, na kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, boriti hazijapishana. Uzi ukinyooshwa katikati na nukta za kila jozi zikawa umbali sawa nao, chasisi haijajipinda ubavuni. Urefu toka kila tundu hadi sakafuni, kabla ya kusogeza, hueleza kama kona moja imeinuka. Kazi hii huchukua nusu siku. Fundi asiyeifanya hana haki ya kusema chasisi ni nzima, na mlalamikaji asiyeifanya hana haki ya kusema imepinda.

Majibu yakipatikana, hukumu huwa tofauti kwa kila aina ya jeraha. Tofauti ya milimita chache kwa mshazari hurekebishika kwa kuvuta taratibu kwa jeki na minyororo, bila moto. Kona iliyoinuka kidogo nayo ni hivyo. Lakini boriti iliyojikunja hadi ukuta wake ukaweka mkunjo, kama karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa, imekwisha. Chuma kilichokunjika hivyo kimechoka mahali pale, kikinyooshwa hubaki na ufa unaosubiri shehena. Mkunjo wa aina hii hutokea hasa gari linapodondoka korongoni kwa pua, au linapopinduka kwa kutanguliza kichwa. Hapo mpinzani ana haki yote, na chasisi ile iende kwa muuza chuma chakavu. Kinachokataliwa ni kuzihukumu zote kwa kosa la chache.

Injini pia husingiziwa. Husemwa kwamba gari likikaa miguu juu, injini imekufa. Mara nyingi injini haikufa katika ajali, iliuawa baadaye na mtu aliyekuwa na haraka ya kusikia kama inawaka. Gari likilala juu chini, oili hupenya hadi juu ya pistoni na kuingia katika njia ya hewa. Dizeli hubana hewa kwa nguvu kubwa sana, lakini oili haibaniki. Mtu akizungusha starta, pistoni hukuta ukuta wa oili, na mkono wake wa chuma hupinda. Hata ikiponea hapo, injini ya dizeli inaweza kuiunguza oili iliyomo katika njia ya hewa na kupandisha kasi yenyewe bila kutii ufunguo. Utaratibu ni mfupi. Betri hukatwa, plagi za hita au nozeli hufunguliwa, bomba la hewa huvuliwa na kusafishwa, na injini huzungushwa kwa mkono hadi oili yote itoke kwenye matundu. Ndipo oili mpya na chujio jipya. Asidi ya betri iliyomwagika huoshwa kwa maji mengi kabla haijala nyaya. Injini nyingi za aina hii hurudi kazini bila kudai kingine.

Kilichobaki cha mitambo hukaguliwa kwa mpangilio huo huo wa subira: tairodi na boksi la usukani, kwa sababu gurudumu la mbele lililopigwa kwa ubavu hupitisha pigo huko, nyumba ya ekseli, rimu, bolti za magurudumu. Mikanda ya usalama iliyoshika watu siku ya ajali hutupwa.

Hatimaye inabaki hoja ya kabini, na hapa wapinzani wanagusa jambo la kweli ingawa wanalielekezea mtu asiyehusika. Kabini dhaifu inaua. Gari lililowahi kupinduka linaweza kupinduka tena, na nguzo zilizokunjika mara moja hazina nguvu zake za mwanzo. Kwa hiyo la kuogopwa hasa ni gari lililorudishwa sura: lile ambalo paa lake limesukumwa kwa jeki toka ndani, nguzo zikanyooshwa kwa moto, mashimo yakajazwa puti, rangi ikapigwa na gari likapelekwa sokoni kama halijawahi kuguswa. Gari hilo ndilo linalostahili lawama zote ambazo pikapu hubebeshwa. Linaonekana zima, kwa hiyo hakuna anayelishuku, na watoto hupakiwa katika viti vya nyuma chini ya paa lenye nguvu ya kopo. Pikapu iliyojengwa wazi haimdanganyi mtu. Kila mchomeleo wake unaonekana.

Kiwango cha nguvu kinachotakiwa si siri. Marekani ilianza kupima mapaa ya magari kwa sheria mwaka 1973, ikitaka yaweze kubeba mara 1.5 ya uzito wa gari tupu. Mwaka 2009 kiwango kilipandishwa hadi mara 3 kwa magari ambayo uzito wake wa juu pamoja na shehena hauzidi kilo 2722, na mara 1.5 kwa yale mazito zaidi hadi kilo 4536, na paa kupimwa pande zote mbili. Land Cruiser iliyoundwa miaka ya 1990 haikujengwa kwa kipimo cha mwaka 2009. Ndiyo kusema kabini mpya, ikijengwa ipasavyo, inaweza kumlinda dereva kuliko paa lililopotea.

Kuijenga ipasavyo kuna maana maalumu. Nguzo zilizokunjika hukatwa na kubadilishwa kwa zile za gari jingine, au kabini nzima ya pikapu hununuliwa. Ndani yake hujengwa kizimba cha mabomba ya chuma. Shirikisho la kimataifa la mbio za magari, FIA, limeandika vipimo ambavyo fundi yeyote anaweza kuvifuata: bomba lisilo na mshono, la chuma cha kaboni kilichovutwa baridi, chenye uwezo wa angalau niutoni 350 kwa kila milimita ya mraba, tao kuu la kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Mabomba mengine 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Miguu ya kizimba haisimamishwi juu ya sakafu tupu, maana sakafu ni bati, na bomba litaitoboa kama msumari. Chini ya kila mguu huwekwa bamba la chuma lenye unene usiopungua milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120, likifungwa kwa bolti tatu au zaidi. Bomba la maji la dukani halifai hata likiwa nene, kwa kuwa lina mshono na chuma chake hakikukusudiwa kupokea pigo. Fundi anayelitumia kwa sababu linang'aa likipakwa rangi anastahili kila neno baya linalosemwa juu ya kazi hii.

Kosa la pili la mafundi wabovu, ambalo limeipa kazi yote jina baya, ni kuunganisha kabini na jukwaa la mizigo. Chasisi ya ngazi hujisokota inapovuka korongo. Gurudumu moja likipanda na jingine likishuka, boriti hupishana kimo, na zimekusudiwa hivyo. Kabini na jukwaa vikichomelewa pamoja, kila msokoto hujaribu kuvitenganisha, na ndani ya muda mfupi nyufa hutokea kwenye kona za nyuma za kabini na kioo cha nyuma hupasuka bila kuguswa. Wapita njia huona nyufa hizo na kusema gari lililopinduka halifai. Nyufa hazikutokana na ajali. Zimetokana na kukosa nafasi ya vidole vichache kati ya kabini na jukwaa, ile nafasi inayoonekana kwenye pikapu nyingi za kiwandani na ambayo wengi hudhani ni pambo. Kabini hukaa kwenye raba zake nne, na kama bodi la zamani halikuwa na kikalio nyuma ya viti vya mbele, mikono mipya huongezwa kwenye chasisi chini ya nguzo za nyuma. Jukwaa hukaa peke yake juu ya ubao mgumu uliolazwa kwenye boriti na kufungwa kwa yu-bolti, kama mafundi wa malori wanavyofanya tangu zamani. Boriti hazitobolewi wala kuchomelewa kwenye kingo zake za juu na za chini, kwa maana huko ndiko zinakobeba mzigo mkubwa zaidi. Kwenye Land Rover, alumini haiachwi ikigusana na chuma kitupu. Huwekwa raba au rangi nzito kati yao, la sivyo unyevu huila alumini.

Breki nazo zina lao. Land Cruiser nyingi zina vali nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo, inayopima gari limelala kiasi gani na kugawa nguvu ya breki kulingana na shehena. Bodi la nyuma likiondolewa gari huwa jepesi huko, na vali isiporekebishwa magurudumu ya nyuma yanaweza kukamata mapema kwenye lami yenye maji. Springi zilizokuwa zikibeba watu tisa hurusha pikapu tupu kwenye makorongo ya barabara. Jani moja au mawili huondolewa, au jukwaa hujengwa kwa uzito unaozifaa.

Mipaka ya hoja hii lazima itajwe bila kuionea haya. Haihusu gari ambalo bodi na chasisi ni kitu kimoja. Toyota RAV4 tangu ilipoanza mwaka 1994, Mitsubishi Pajero tangu kizazi cha tatu cha mwaka 1999, Range Rover tangu kizazi chake cha tatu, na Land Rover Defender mpya iliyozinduliwa 2019, zote zimeachana na ngazi ile ya zamani. Katika magari hayo paa ni sehemu ya uti wa mgongo, na likikatwa, gari limekatwa mgongo. Nguzo za magari mapya ya aina hii mara nyingi ni za chuma kigumu mno ambacho kikipashwa moto ili kinyooshwe hupoteza ugumu wake. Msemo wa kwamba gari lililopinduka limekwisha unayakaribia hayo kwa ukweli. Kuuhamishia kwa Land Cruiser ni sawa na kumtibu mtu kwa cheti cha mwingine.

Gharama ya kosa hili hailipwi na mwenye gari peke yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo Land Cruiser HZJ75 iliyoundwa miaka ya 1990, isiyo na kompyuta, inayotengenezwa kwa spana na nyundo kijijini, haiwezi tena kuingia kwa njia hiyo. Zilizopo ndizo zilizopo. Kila chasisi nzima inayosagwa kwa sababu ya paa hupunguza magari yanayoweza kufika zahanati isiyo na barabara, kubeba simenti ya shule, au kumtoa mgonjwa bondeni wakati wa masika. Watu husema kipya kinyemi, lakini pikapu mpya yenye uwezo ule haimo katika uwezo wa mkulima wa Mbulu wala wa mfugaji wa Marsabit. Pamoja na chasisi unapotea pia ufundi. Mikono ya mafundi wa gereji za Gerezani, za Grogan na za Katwe inayojua kusoma chuma haifundishwi na vitabu. Inafundishwa na kazi za aina hii, na kazi zikiitwa uhuni vijana huzikimbia, wakabaki wale wasiojali jina.

Udanganyifu sokoni, ambao ndio hofu ya haki ya mnunuzi, hutibiwa kwa karatasi wala hautibiwi kwa kusaga vyuma. Aina ya bodi imeandikwa kwenye kadi ya gari, na ikibadilika kadi nayo hubadilika: Kenya kupitia mamlaka ya usafiri, NTSA, baada ya ukaguzi, Tanzania kupitia mamlaka ya mapato, TRA, pamoja na ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani. Mwenye kazi safi huhifadhi picha za chasisi ikiwa uchi, vipimo vya mshazari vilivyoandikwa, risiti za mabomba na bolti, na humpa mnunuzi vyote. Namba ya chasisi haiguswi, haipakwi puti, haihamishwi. Kwenye Land Cruiser hizi imegongwa katika boriti ya kulia, upande wa mbele. Serikali inapotaka kujua gari ni lipi haitazami paa. Mkaguzi huinama karibu na gurudumu, hufuta tope kwa kidole gumba, na kuisoma namba hiyo kwenye chuma.